Katriji za Ajabu za Bunduki ya Marisau: Manufaa Yake Yanapimwa kwa Swali Lisilo Lake

Miongoni mwa watu wanaozijua silaha, hukumu juu ya katriji za ajabu za bunduki ya marisau ilikwisha kutolewa zamani: zile zinazotema moto, zenye vishale, zenye gololi zilizounganishwa kwa waya na zilizojazwa chumvi ni vitu vya maonyesho tu, na mtu makini hahitaji zaidi ya marisau madogo kwa ndege, makubwa kwa wanyama, na tonge moja zito la madini ya risasi pale masafa yanapozidi. Hukumu hiyo ina ukweli mwingi, na ni haki kuukiri kabla ya kuipinga. Kasoro yake ni kwamba imesimama juu ya swali moja, yaani kama katriji fulani humwangusha kiumbe hai vizuri kuliko marisau ya kawaida, na swali hilo huziacha nje ya hesabu katriji zenye kazi ya maana kuliko zote.

Ukweli wenyewe ni huu. Katriji ya moto, inayoitwa pumzi ya joka, hurusha vipande vya magnesiamu na metali nyingine zinazowaka kwa sekunde chache mbele ya mtutu. Haina nguvu ya kutosha kuendesha bunduki inayojikoki yenyewe, na haina shabaha. Mwezi Mei 2012, katika Msitu wa Kitaifa wa Tonto, jimboni Arizona, katriji moja ya namna hiyo iliyofyatuliwa na kundi la vijana waliopiga kambi iliwasha moto ulioteketeza zaidi ya ekari 17,000. Sioni hoja yoyote ya kuitetea. Vishale vya chuma vilijaribiwa na jeshi la Marekani katika vita vya Vietnam, vikaonekana kuwa vyepesi mno na vyenye kuhitaji masafa ili vinyooke hewani, jambo ambalo bunduki ya masafa mafupi haiwezi kuvipa. Baadaye kampuni ya Taser ikaleta katriji ya geji 12 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu; namba ikipungua, mtutu huwa mpana zaidi) iliyobeba mtambo mdogo wa mshtuko wa umeme. Mwaka 2010 polisi wa kaskazini mwa Uingereza waliitumia dhidi ya mtu mwenye silaha waliyekuwa wakimsaka, moja ikakosa, nyingine ikampiga mkononi bila kumdhoofisha.

Zote hizo zimeshindwa kwa sababu moja: zilitaka kufanya kazi ambayo marisau yanaifanya tayari. Gramu 28 au 32 za madini ya risasi zinazotoka kwa kasi ya karibu mita 400 kwa sekunde ni mpinzani mgumu katika uwanja wake. Lakini bunduki ya marisau, ukiondoa desturi zake za uwindaji, ni bomba laini la ndani lenye upana wa milimita 18 na nusu, lisilo na mifuo ya kuzungusha risasi, na kwa hiyo lisilochagua sana kile linachokirusha. Inafaa basi kuuliza ni kitu gani kingine, kisicho na damu, kinachohitaji kupigwa.

Tanuri la saruji linatoa jibu ambalo wachambuzi wa silaha karibu hawalitaji kamwe. Ni bomba la chuma lenye urefu wa makumi ya mita, lililolazwa kwa mteremko mdogo na kujengewa ndani matofali yanayostahimili moto, nalo huzunguka polepole usiku na mchana huku mawe ya chokaa na udongo vikichomwa hadi nyuzi 1,450 hivi za Selsiasi na kugeuka klinka, yaani madonge magumu yanayosagwa kuwa saruji. Mara kwa mara sehemu ya mzigo huyeyuka nusu, ikanata ukutani na kujijenga kuwa pete ngumu inayoziba njia. Kuiondoa kwa nyundo kunataka tanuri lizimwe, lipoe hadi mafundi waweze kuingia, kisha liwashwe tena taratibu; hizo ni siku kadhaa ambazo kiwanda hakitoi kitu, mafuta yanachomwa kwa ajili ya kulipasha upya, na matofali, yaliyonywea kwa baridi na kulazimika kutanuka tena kwa joto, yanapasuka kabla ya muda wake. Badala ya hayo yote, viwanda hutumia bunduki ya geji 8 iliyofungwa kwenye kiegemeo kizito na kuelekezwa kupitia tundu la tanuri linaloendelea kuwaka, ikirusha tonge la madini ya risasi au zinki la gramu 85 hivi, mara tatu ya uzito wa tonge la kawaida la geji 12, hadi pete inapovunjika. Remington na Winchester, majina ambayo mwindaji huyahusisha na bata na paa, zote zimetengeneza bunduki za kazi hiyo. Geji yenyewe ilikwisha kuondolewa kwenye uwindaji wa ndege wahamao wa Marekani tangu mwaka 1918, kwa hiyo mwindaji akiiona leo ataiita kioja. Kwa fundi wa tanuri ni chombo cha kazi, na kila pete inayovunjika bila moto kuzimwa ni siku za kazi zilizookolewa. Sijui kwa nini hesabu iliyo wazi kiasi hiki haiingizwi katika mjadala wa manufaa.

Wategua mabomu wana mfano wao. Chombo kiitwacho PAN, kilichobuniwa katika maabara za Sandia nchini Marekani, kwa asili yake ni mtutu wa geji 12 uliowekwa kwenye kiegemeo na kufyatuliwa kutoka mbali, na mara nyingi kinachotoka mdomoni ni maji. Maji hayo hulivunja bomu na kutenganisha viungo vyake kabla havijawahi kufanya kazi. Mwaka 1996 kilitumika kulivunja bomu lililokutwa katika kibanda cha Ted Kaczynski, Mmarekani aliyekuwa akiwatumia watu mabomu kwa posta, huko Montana, na ushahidi ukabaki. Hakuna kitu kisichofaa kwa uwindaji kuliko maji.

Katriji za kishindo za kufukuzia ndege wa angani katika viwanja vya ndege zinastahili kutajwa bila kutiwa chumvi. Watu hupenda kuzitetea kwa kisa cha ndege ya abiria iliyotua juu ya mto Hudson tarehe 15 Januari 2009, ikiwa na watu 155 ambao wote waliokoka, ilhali ndege ile iligonga batabukini ikiwa karibu mita 850 angani, mahali ambapo kishindo cha katriji kisingesaidia lolote. Manufaa yake yako chini, karibu na njia ya kurukia, ambako ndiko migongano mingi hutokea.

Hoja nzito ya upande wa pili, kwa maoni yangu, haihusu udhaifu wa katriji hizi bali ukarimu wa mtutu unaopokea kila kitu. Mwaka 2011, katika mji wa Portland, jimboni Oregon, askari aliyedhani anatumia vifuko vya chembe, ambavyo hukusudiwa kumwangusha mtu bila kumtoboa, alifyatua risasi za kuua kwa sababu ndizo zilizokuwa zimepakiwa, na mtu akajeruhiwa vibaya. Hatari hiyo ni ya kweli na haiondolewi kwa rangi ya katriji peke yake. Jibu lake ni kutenga bunduki kwa kila kazi, kama tanuri lilivyotengewa geji yake ambayo katriji ya mwindaji haiwezi kukaa ndani yake.

Limebaki suala la sheria. Majimbo ya Florida na Illinois nchini Marekani yamepiga marufuku pumzi ya joka, vishale, na katriji ya bolo, ambayo inaelezwa kuwa ni gololi mbili au zaidi za metali zilizounganishwa kwa waya wa metali. Dhidi ya mnyama, bolo ni duni kuliko marisau. Lakini wazo lilelile, vipande vilivyofungamanishwa vinavyotanuka hewani, limerudi katika katriji za wavu za kunasa droni, ambazo zina vipande vyenye nyuzi vinavyofunguka hadi upana wa karibu mita moja na nusu na kuyasokota mapangaboi yanayozunguka. Wavu hupoteza kasi upesi, na katika vita vya Ukraine askari wengi bado huyategemea marisau ya kawaida dhidi ya droni. Hata hivyo juu ya umati wa watu, ambako mvua ya chembe za metali haitakiwi, wavu una nafasi ambayo marisau hayana. Pumzi ya joka imekatazwa kwa haki, kwa kuwa moto wake hauchagui cha kuunguza. Ila katika maelezo ya kisheria ya bolo, kinachoutofautisha wavu huo na kitu kilichokatazwa ni kwamba nyuzi zake si za metali, wala kusudi lake halikuulizwa popote.