Jicho likiwa jeupe ndo limekufa?

Mjomba wangu wa Magu alipigwa jichoni na kapi la mpunga wakati wa kupura, jirani akamtia maji ya majani (hapo ndo tulipoharibu), likavimba wiki mbili likaja kupona na kovu jeupe pee. Kwenye kituo kimoja, sikitaji, akaambiwa "hili limeshakufa mzee", na aliyesema alisimama mlangoni hata tochi hakushika. Miaka minne mzee wa watu anajiita chongo.

Mi ndo ninapogombana na watu hapo. Weupe uko kwenye konea, kioo cha mbele. Retina inayopokea picha iko nyuma kabisa. Dirisha likipakwa chokaa utasema waliomo ndani wamekufa? Si unagonga kwanza!

Na kugonga hakuhitaji mashine. Nilimleta Mwanza kwa daktari mwingine, akaliziba lile jicho zima kwa kiganja, kiganja kweli maana kwenye vidole watu wanachungulia, akamulika lile bovu juu, chini, kulia, kushoto, "Mzee, taa iko wapi?", mjomba anaonyesha kwa kidole anapatia zote. Nyekundu na kijani akazitaja. Halafu akawa anamulika jicho bovu huku anaangalia mboni ya lile zima, nayo inasinyaa, kumbe mboni zote mbili zinaamriwa pamoja kwa hiyo hata kovu likiificha moja mwenzake anaisemea. Aisee hiyo niliipenda.

Altrasaundi ikaonyesha retina haijabanduka. Ila altrasaundi inakwambia nyumba imesimama tu, haisemi kama umeme upo, yaani kama retina inafanya kazi, wa kupima umeme ni kipimo kinaitwa elektroretinogramu, na yenyewe inapima retina nzima kwa jumla, kale kasehemu ka katikati ka kusomea kakiwa kabovu inaweza isikwambie. Kwa hiyo anayekuahidi utasoma gazeti muogope.

Na wale wa "apandikizwe tu haraka" nao wananikera. Konea inatolewa kwa marehemu, haiokotwi sokoni Mwaloni kama dagaa, ukiiweka mbele ya jicho lililokwisha kwa presha ya macho umepoteza vyote.

Mjomba bado anasubiri. Siku ile tunarudi usiku, tangu Kisesa alikuwa kajiziba jicho zima, anatutangazia kila gari linalokuja mbele.