Iacheni Asilimia 800 Kama Ilivyo

Nimeletewa skripti ya kukusanya takwimu za tepu, zile kaseti za sumaku za kuhifadhia nakala za data, nikaombwa niipitie kabla haijawekwa kwenye seva. Kazi yake ndogo tu: inaendesha tapestat, amri ya Linux inayopima shughuli za draivu za tepu, inasoma safu zake, inapeleka namba kwenye dashibodi. Nikaisoma taratibu hadi katikati, nikakuta mistari miwili inayosema asilimia yoyote ikizidi 100, iandikwe 100. Pembeni, kwa kujiamini kabisa, mwandishi kaacha maelezo: "asilimia haiwezi kuzidi 100".

Haiwezi! Kumbe tapestat imekuwa ikitudanganya miaka yote hii, ikimsubiri fundi mmoja aje kutuokoa kwa mistari miwili.

Tuanze na kerneli, kiini cha Linux, maana ndiyo inayohesabu. Tangu toleo la 4.2, lililotoka 2015, Linux inatunza hesabu za kila draivu ya tepu ndani ya /sys/class/scsi_tape, kwenye folda ya stats ya st0, st1 na kuendelea. Humo kuna write_cnt, write_byte_cnt, write_ns na wenzake wa upande wa kusoma, kuna other_cnt, resid_cnt na in_flight, halafu kuna io_ns inayobeba muda wa shughuli zote kwa jumla. tapestat haina uchawi wowote. Inasoma hesabu hizo mara mbili, inatoa ya kwanza kwenye ya pili, inagawanya kwa muda uliopita katikati. Mambo yote yamo kwenye hizo _ns, yaani nanosekunde: muda wa shughuli unajumlishwa pale shughuli inapokamilika, si wakati inaendelea. Agiza tepu irudishwe mwanzo, kazi hiyo ichukue sekunde 40, nawe uwe unapima kila sekunde 5. Utaona sifuri, sifuri, sifuri, halafu mstari mmoja wa %Oa, asilimia ya muda wa shughuli zote, unalipuka: 800. Sekunde zote 40 zimemwagwa kwenye kipimo cha sekunde 5. Hii ni hesabu ya shule ya msingi, na mfano wenyewe si wangu, umo kwenye ukurasa wa mwongozo wa amri hiyo. Ungemgharimu mwandishi wetu dakika moja kuusoma.

Nakubali, shingo upande, kwamba hata watunzi wa tapestat wameweka kikomo: haionyeshi asilimia zaidi ya 999. Lakini wao walikata ili safu isiharibike kwenye skrini. Tofauti ya 999 na 100 ni kwamba ukiona 999 unashtuka. Ukiona 100 unasema, aa, draivu inafanya kazi kwa bidii.

Ingekuwa ni kurudisha tepu mwanzo tu, nisingejisumbua kuandika. Kinachoniuma ni kuandika data. Draivu ya LTO, familia ya tepu za kuhifadhia data, inapenda kutiririka. Tepu inapita kwenye kichwa kwa kasi ya mita kadhaa kwa sekunde, na kitu cha mwendo huo hakisimami papo hapo. Data ikikatika, tepu inapitiliza, inasimama, inarudi nyuma kupita pale ilipoachia, halafu inachapuka upya mbele ili ifike mahali pake ikiwa na kasi. Kama data bado inakuja kwa kusuasua, inarudia. Mbele, nyuma, mbele, nyuma, kama brashi ya mpiga rangi viatu. Kila mzunguko unakula sekunde, na kila mzunguko unaichakaza tepu na kichwa chake. Draivu za siku hizi zinajitahidi kupunguza mwendo ziendane na anayezilisha, ila zina kima cha chini, na ukishuka chini ya hapo hazina msaada tena.

Sasa tapestat inaionyeshaje hali hiyo? Unaona w/s, idadi ya maandishi kwa sekunde, inaanguka hadi sifuri, mstari mmoja au miwili, kisha maandishi yanarejea na %Wr, asilimia ya muda wa kuandika, inaruka juu ya 100. Shughuli moja ya kuandika iliyokwama sekunde 3, ukiwa unapima kila sekunde, inatoa 300. Ikitokea mara moja, si kitu. Ikijirudia usiku kucha, una kazi ya kufanya. Bafa ya draivu, kumbukumbu yake ya muda, inaweza kukimeza kituo kifupi usikione kabisa, kwa hiyo kile kinachofanikiwa kufika kwenye safu tayari ni kikubwa kuliko ulivyofikiri. Na hicho ndicho skripti ilikuwa inakikata kichwa. Katika safu zote, imechagua ile pekee inayopiga kelele ikaiziba mdomo.

Kuna ubaya mwingine chini ya huo. tapestat haina safu ya muda wa shughuli "nyingine", zile zisizo kusoma wala kuandika: kurudisha mwanzo, kusogeza, kuandika alama za mwisho wa faili. Ukitaka muda wake, unatoa %Rd (ya kusoma) na %Wr kwenye %Oa. Sasa chukua %Oa ya 800 na %Wr ya 300, zikate zote ziwe 100, halafu utoe. Jibu ni sifuri. Asilimia 500 imeyeyuka. Na alama za mwisho wa faili si jambo dogo, kwa sababu alama ya kawaida inalazimisha bafa yote imwagwe kwenye tepu kabla ya kuendelea. Programu inayoandika vifurushi vingi vidogo na kuvifunga kimoja kimoja inaisimamisha draivu kila mara, na ushahidi wake uko kwenye Ot/s, idadi ya shughuli hizo nyingine kwa sekunde, na kwenye %Oa tu.

Watu wanaosoma asilimia hizi kama asilimia za mtihani, ya juu nzuri na ya chini mbaya, wananichosha kuliko hata wanaozikata. Sehemu moja, sitaitaja, walinunua draivu mpya kwa sababu ya zamani "imechoka". Mpya ikafungwa, bakapu ikachukua muda uleule. Nikaitwa. Nikaendesha tapestat -y -z -t 5 wakati bakapu inaendelea, nikaona kasi ya chini na %Wr ya chini vilevile. Basi, sikuhitaji kwenda mbali. %Wr ni muda ambao programu imekaa ikisubiri draivu imalize kuandika. Ikiwa ndogo na kasi nayo ni ndogo, draivu haijachoka, inakaa njaa. Inamsubiri mtu, na mtu huyo alikuwa diski zilizojaa mamilioni ya faili ndogo, zikisomwa moja baada ya nyingine. Draivu ya zamani haikuwa na hatia yoyote. Ilikuwa imeshauzwa.

Hesabu yenyewe si ngumu. Tepu ya LTO-8 inabeba TB 12 kabla ya kubana, na draivu yake inaandika hadi MB 360 kwa sekunde. Ukiilisha inavyotaka, unaijaza kwa saa 9 na ushei. Ukiilisha MB 80 kwa sekunde, ni zaidi ya saa 41. Hakuna draivu mpya duniani itakayoziba pengo hilo kama chanzo chako ni kilekile. Kusanya data kwanza kwenye diski yenye kasi, au weka bafa kubwa katikati, programu ya mbuffer ipo bure, ndipo uiachie tepu itiririke.

Kinyume chake pia kipo: %Wr ikiwa juu na kasi iko karibu na uwezo wa draivu, kila kitu kiko sawa, unasubiri kwa sababu umefika mwisho wa uwezo wa chombo. Namba ileile, maana mbili, kutegemea jirani yake anasema nini. Ndiyo maana kuichukua safu moja peke yake na kuichorea grafu yenye kijani, njano na nyekundu ni kujidanganya kwa rangi.

Hapo nafika kwenye dashibodi zenyewe. Nyingi zinachukua kipimo kila dakika moja, nyingine kila tano, kwa sababu mtu aliziweka hivyo kwa ajili ya joto la chumba cha seva na hakuzigusa tena. Kwa dakika moja, kukwama kwa sekunde 3 ni asilimia 5. Hapo huhitaji hata kukata, wastani umeshakufanyia kazi hiyo. Grafu inatoka laini, inapendeza, bosi anaridhika, na tepu inaendelea kusuguliwa usiku kucha. Unapotafuta tatizo, kaa na teminali, pima kila sekunde 1 au 2, vumilia namba zinazorukaruka.

Mengine nitayapitia haraka. Ripoti ya kwanza ya tapestat ni wastani tangu mashine ilipowashwa, itupe kwa -y, usije ukaijadili kikaoni. Majina ya st0 na st1 yanaweza kubadilishana mashine ikizimwa na kuwashwa, hivyo hakikisha kwenye /dev/tape/by-id kabla ya kulaumu draivu ya jirani. tar, programu ya kufungasha faili, usipoipa -b (ukubwa wa kipande) inaandika vipande vya baiti 10,240, na kwa MB 300 kwa sekunde hiyo ni karibu shughuli 30,000 kila sekunde. Ukiona w/s kubwa ya kutisha, anzia hapo. Na kB_wrtn/s, kilobaiti zinazoandikwa kwa sekunde, inahesabu data kabla draivu haijaibana, kwa hiyo inaweza kuzidi ile MB 360 ya kwenye karatasi. Nangoja tu siku mtu atakapoikata na hiyo.

Kuna wanaoniuliza kwa nini nahangaika na tepu zama hizi. Februari 2011 hitilafu ya programu ilifuta barua za baadhi ya watumiaji wa Gmail, nakala zilizokuwa kwenye diski hazikusalimika, na Google wakazirejesha kutoka kwenye tepu. Sina la kuongeza.

Udhaifu upo, siukatai. tapestat inachapisha kwenye skrini na kunyamaza, kumbukumbu jitunzie mwenyewe. Tena inaona tu kinachopita kwenye moduli ya st ya kerneli, ile inayoendesha tepu. Programu inayozungumza na draivu kwa njia ya sg, mlango mwingine wa kerneli wa kuzungumza na kifaa moja kwa moja, na LTFS, mfumo wa faili wa tepu, ni mojawapo, haihesabiwi kabisa. Kwa hiyo ukiona sifuri kwenye kila safu huku taa ya draivu inawaka na tepu inazunguka, uliza kwanza programu yako inapita mlango gani, kabla ya kunitumia picha ya skrini saa saba usiku.