Maulamaa Waliodai Usekula

Ernest Gellner, mwanaanthropolojia aliyefundisha London na Cambridge, alishikilia kuwa usasa ukiingia dini hupungua nguvu, ila Uislamu. Hakusema hivyo kwa kuudharau. Aliona kuwa Uislamu wa mijini, wa kitabu na nidhamu, usiomtaka muumini apitie kwa kasisi, unachukuana vizuri na maisha ya kisasa, ndiyo maana haudhoofiki. Talal Asad, aliyezaliwa Madina na kufundisha New York, akaligeuza swali: kabla ya kuuliza kwa nini Waislamu wanaukataa usekula, yaani kutenganisha dini na dola, tuuchunguze usekula wenyewe. Nani anaamua kwamba hii ni dini, ikae msikitini, na hii ni siasa?

Namwelekea Asad, na kilichonivuta ni Algeria. Sheria ya Ufaransa ya tarehe 9 Desemba 1905 ilitenganisha makanisa na dola, serikali isimlipe tena kiongozi wa dini yeyote. Algeria, koloni lake, ilihesabiwa kuwa sehemu ya Ufaransa, lakini huko watawala waliendelea kushika misikiti, kuteua maimamu na kuwalipa, maana imamu anayekula mshahara wako hakusumbui. Waliodai sheria ile iwahusu nao ni Jumuiya ya Maulamaa, iliyoanzishwa mwaka 1931 chini ya Abdelhamid Ben Badis. Masheikh wanaiomba dola iondoe mkono wake kwenye dini, na dola ya kisekula inakataa! Anayesema Mwislamu haelewi tofauti ya dini na dola aanzie hapo.

Hata hivyo Gellner simtupi, wala wanaohofia shinikizo la dini. Mwaka 2003 huko Ufaransa, tume ya serikali kuhusu usekula, iliyoongozwa na Bernard Stasi, iliwasikiliza wasichana waliosema kuwa mitaani kwao asiyejifunika hutukanwa. Binti wa miaka 14 aliye katika hali hiyo hasaidiwi na historia ya neno usekula. Anataka kulindwa, na sheria ya 2004, iliyopiga marufuku alama za dini zinazoonekana wazi katika shule za serikali, hijabu ikiwemo, ilimlinda walau ndani ya geti. Mwenzake aliyejifunika kwa imani yake, bila kulazimishwa na mtu, anasimama kwenye geti hilo hilo kila asubuhi, anachomoa pini, anakunja mtandio na kuutia mkobani. Sheria haikuwatofautisha hawa wawili, na hilo ndilo linaloniuma.

Kule Alsace na Moselle, mashariki mwa Ufaransa, mapadri, wachungaji na marabi bado wanalipwa na serikali ya Ufaransa, kwa kuwa mwaka 1905 eneo hilo lilikuwa chini ya Ujerumani. Maimamu hawamo.