Ndani ya kiini cha seli, tuanze na msokoto

Ukitafuta picha ya injini za seli, utaonyeshwa kinesini, protini inayobeba mizigo: miguu miwili, furushi kubwa kichwani, inapiga hatua za nanomita 8 juu ya mikrotubuli, vijiti vya protini vilivyo barabara za seli. Picha hiyo ni sahihi, na inapendeza. Kosa linaanza pale mtu anapoihamishia ndani ya kiini cha seli, akatarajia kuwakuta wapagazi wale wale wakiburuta kromosomu huku na huko. Seli ya mnyama ambayo haijaanza kugawanyika haina mikrotubuli ndani ya kiini. Barabara yenyewe haipo. Maoni yangu ni kwamba anayetaka kuelewa nguvu zinazofanya kazi mle ndani aanze na mashine inayosoma DNA, yaani polimerezi ya RNA, na aanze na nguvu isiyotajwa sana: msokoto.

Kwanza vipimo, maana bila vipimo mjadala huu hauna miguu. Pikonyutoni moja ni nyutoni moja iliyogawanywa mara trilioni. Chembe nyekundu moja ya damu ina uzito wa karibu pikonyutoni 1. Kinesini hukwama ikivutwa nyuma kwa pikonyutoni 6 au 7. Polimerezi ya RNA ya bakteria, ilipopimwa kwa kibano cha mwanga (kifaa kinachoshika chembe ndogo kwa miale ya leza, kilichompa mwanafizikia Arthur Ashkin Tuzo ya Nobel mwaka 2018), iliendelea kuvuta hadi karibu pikonyutoni 25. Yaani ile mashine tuliyozoea kuieleza kama karani anayenakili herufi za DNA ina nguvu zaidi ya mara tatu ya mpagazi.

Nguvu hiyo yote ya nini? DNA ni nyuzi mbili zilizosokotana, mzunguko mmoja kwa kila herufi 10.5 hivi. Kusoma ni kufuata mfereji wa msokoto huo, kwa hiyo ama polimerezi izunguke DNA, ama DNA izunguke ndani ya polimerezi. Polimerezi ina mkia wa RNA unaozidi kurefuka, na juu ya mkia huo tayari zimekaa mashine za kuukata na kuuunga. Kuzunguka kwake ni shida. DNA nayo ni ndefu, imeviringwa kwenye protini ziitwazo histoni, na huku na huko imeshikwa. Basi mizunguko inakosa pa kutokea: mbele ya polimerezi msokoto unakaza, nyuma unalegea. Leroy Liu na James Wang walilieleza jambo hili mwaka 1987, na mpaka leo sijaona wazo moja linalofafanua mengi kuliko hilo katika fani hii.

Mwalimu hahitaji maabara kulionyesha. Chukua kamba ya katani ya nyuzi mbili, urefu wa mita moja. Funga ncha zote mbili kwenye miguu ya madawati ili zisizunguke. Pitisha penseli katikati ya nyuzi hizo mbili, karibu na ncha moja, kisha isukume kuelekea ncha ya pili huku ukiizuia isigeuke. Mbele misokoto itabanana mpaka kamba ianze kujikunja vifundo; nyuma nyuzi zitabaki zimeachana. Rudia huku ukiiacha penseli izunguke yenyewe, na itapita bila taabu. Rudia tena penseli ikiwa imezuiwa lakini ncha ya mbele imefunguliwa, na utaona kamba ikizunguka na kujitua msokoto. Wanaoshindwa mara nyingi wametumia kamba ya nyuzi tatu, au mkono umeigeuza penseli bila wao kujua. Chora mstari wa kalamu juu ya penseli; mstari ukihama, jaribio limeharibika.

Sasa ipeleke kamba hiyo kwenye seli. Jeni ya distrofini, ile inayokosewa katika ugonjwa wa Duchenne wa kudhoofika misuli, ina herufi zaidi ya milioni 2, na kuinakili mara moja huchukua saa kama 16. Gawanya kwa 10.5 na utapata mizunguko karibu 200,000 kwa safari moja, takriban mitatu kila sekunde. Polimerezi ya bakteria husimama msokoto ukifikia kama pikonyutoni-nanomita 11 (kipimo cha nguvu ya kuzungusha). Pasingekuwa na wa kuutoa msokoto huo, usomaji ungekwama mwanzoni kabisa mwa jeni.

Wanaoutoa ni protini ziitwazo topoisomerezi. Aina ya kwanza hukata uzi mmoja, huiacha DNA izunguke, kisha huunga, haihitaji ATP, ile molekuli inayoipa seli nishati. Aina ya pili hukata nyuzi zote mbili, hupitisha kipande kingine cha DNA kwenye pengo, huunga, na hutumia ATP. Kwa muda mfupi kromosomu inakuwa imekatika kweli kweli, na kinachoishikilia ni protini tu. Hapo ndipo dawa zinapopenya. Etoposidi na doksorubisini, dawa za saratani, huikamata topoisomerezi ya pili ikiwa imeshakata, isiweze kuunga. Irinotekani, nayo ya saratani, huifanyia vivyo hivyo ya kwanza. Mashine ya kunakili DNA ikifika hapo, mkato wa muda unageuka jeraha la kudumu. Seli inayogawanyika upesi ndiyo inayoumia zaidi. Hata sipro ya duka la dawa inatumia mlango huo: siprofloksasini huzishika topoisomerezi za bakteria, yaani jirezi na topoisomerezi ya nne. Na ukiuliza kwa nini madaktari hujumlisha dozi zote za doksorubisini alizowahi kupewa mgonjwa, na huwa waangalifu sana zinapokaribia miligramu 450 hadi 550 kwa kila mita ya mraba ya mwili, sehemu ya jibu ni kwamba seli za moyo zina topoisomerezi yao ya pili, aina ya beta, nayo hunaswa pia.

Kohesini, injini nyingine ya kiini yenye umbo la pete, nitaipitia kwa ufupi. Tangu 2019 tumeiona kwenye vioo vya hadubini ikivuta DNA na kuifanya kitanzi, kama herufi elfu moja kwa sekunde, lakini inashindwa hata chini ya pikonyutoni moja. Ina mbio, haina misuli. Polimerezi ikikutana nayo inaweza kuisukuma, na mimi naona udhaifu huo una kazi: injini inayokwama kwa urahisi ni rahisi kuwekewa mipaka.

Inabaki miosini ya kiini, ndugu wa injini ya misuli inayotembea juu ya nyuzi za aktini, na hapa ndipo ninapotofautiana na wengi. Kwamba miosini na aktini zimo ndani ya kiini, sina ubishi. Ninachokataa ni kuchora miosini ikitembeza kromosomu kana kwamba suala limekwisha. Mwaka 2022 watafiti wa Institut Curie jijini Paris walibandika chembe za sumaku kwenye sehemu moja ya kromosomu ya seli hai na kuivuta. Nguvu za kiwango cha pikonyutoni zilitosha kuisogeza mikromita kadhaa. Kromatini, yaani DNA pamoja na protini zake, inasogea kirahisi hivyo, kwa hiyo mwendo peke yake hauthibitishi kuna mpagazi.

Majaribio mengi ya zamani yanayotajwa kuitetea miosini yana matundu yanayojulikana. Kuinyima seli ATP kwa azidi ya sodiamu na deoksiglukosi huachia magnesiamu iliyokuwa imeshikwa na ATP, nayo hukaza kromatini. Mwendo unapungua hata kama hapakuwa na injini. BDM, dawa ya kuzuia miosini, hugusa protini nyingi zisizohusika. Blebistatini, dawa nyingine kama hiyo, huizuia hasa miosini ya pili, tena huharibiwa na mwanga wa buluu ule ule unaotumika kuwasha GFP, protini ing'aayo ya kuweka alama. Latrunkulini huvunja aktini yote, pamoja na ile ya nje inayokivuta kiini kupitia nesprini na SUN, protini za ukuta wa kiini. Kiini kinabadilika umbo, nukta iliyowekwa alama kwenye kromosomu inahama, na mtafiti anaandika kwamba imehama kwa nguvu ya ndani.

Ningeamini jaribio la namna hii. Weka alama mbili kwenye kromosomu na upime umbali kati yao, ili kuzunguka kwa kiini kizima kusihesabiwe. Iondoe miosini husika kwa mfumo wa oksini (homoni ya mimea inayotumika kuamrisha protini iliyowekwa lebo ivunjwe), ndani ya saa moja au mbili, kabla seli haijapata muda wa kujirekebisha. Kisha rudisha miosini iliyofungiwa ndani ya kiini: kwa kundi moja la seli ikiwa nzima, kwa la pili ikiwa na badiliko moja tu kwenye mfuko wa ATP, yaani pale inapoishika ATP. Mwendo ukirudi kwa kundi la kwanza na usirudi kwa la pili, nitaichora miosini hiyo ikitembea.