Barua ya seneta si ya watoto wa wakubwa tu

Ukitaja West Point au Annapolis, vyuo vya kufunza maafisa wa jeshi, mbele ya wazazi wenye kijana wa sekondari huko Marekani, hukosi wa kukuambia: "Kule bila kumjua mkubwa huingii." Najua dhana hiyo imetoka wapi. Vyuo hivyo viwili, pamoja na kile cha Jeshi la Anga kule Colorado, humtaka mwombaji awe ameteuliwa, na mara nyingi anayeteua ni seneta au mbunge. Basi likisikika neno "seneta", fomu inarudi kabatini.

Kwa maoni yangu, woga huo unawakosesha vijana wengi nafasi ya bure. Kijana raia wa Marekani ana maseneta wawili wa jimbo lake na mbunge mmoja wa wilaya yake. Aombe kwa wote watatu, na kwa Makamu wa Rais pia, kwani naye ana nafasi zake. Ofisi nyingi zina kamati ya watu wa kujitolea, baadhi yao wanajeshi wastaafu, ndio wanaosoma maombi na kuwahoji vijana. Mheshimiwa mwenyewe huenda wasionane hata siku moja. Na anayechukia habari za uteuzi kabisa, chuo cha walinzi wa pwani kule New London hakiuhitaji.

Mwaka 1839 mbunge Thomas Hamer wa Ohio alimteua kijana ambaye baba yake na Hamer walikuwa wamegombana. Hata jina hakulijua vizuri: Hiram Ulysses Grant akaandikwa Ulysses S. Grant, na jina hilo likamganda mpaka alipokuwa rais.

Kinachowaangusha wengi ni kuchelewa. Maombi ya uteuzi kwa kawaida hufungwa majira ya vuli ya darasa la 12, na ni ombi la peke yake: kujaza fomu za chuo hakumaanishi umeomba uteuzi, na kuteuliwa hakumaanishi umepokelewa. Kisha kuna daktari. Pumu iliyoonekana baada ya kutimiza miaka 13 inatosha kukusimamisha. Msamaha huweza kuombwa, lakini faili hilo lina mwendo wa kobe, kwa hiyo vyeti vya hospitali vitafutwe mapema.

Jaribio la nguvu nalo lina kituko chake. Unapiga magoti, unarusha mpira wa kikapu kwa mkono mmoja uende mbali uwezavyo. Bila miguu kukusaidia, mpira unakuwa mzito ajabu! Nani hufanya mazoezi ya kurusha mpira akiwa amepiga magoti? Baada ya hapo kuna kujivuta kwenye chuma, mbio za kwenda na kurudi, tumbo, pushapu, na mwisho maili moja, wakati mikono na miguu imeshalegea. Kijana ayafanye yote nyumbani kwa mfululizo huohuo, si moja leo na jingine kesho.

Insha ya maombi sina mengi ya kuisemea, ila wazazi waiache. Ikiwa imeandikwa na baba, mahojiano yataiumbua, maana swali la kwanza kwa kawaida ni kwa nini unataka kuwa afisa. "Masomo ni bure" ni kweli, tena kadeti hulipwa posho, lakini wanaohoji wanajua kwamba mhitimu atadaiwa angalau miaka mitano ya utumishi jeshini. Wanataka kusikia kama kijana ameifikiria hiyo miaka, pamoja na amri za saa kumi alfajiri na kupelekwa asikokuchagua.

Swali jingine wanalolipenda: usipopata, utafanya nini? Hapo ndipo wengi hubabaika. Mwenye nia huwa ameshaomba ufadhili wa ROTC, yaani mpango wa kufunza maafisa wa jeshi, katika chuo kikuu cha kawaida, na atakuambia kwamba mwakani anaomba tena akiwa anaendelea na masomo.