Ukuta unaolia debe tupu

Mjomba wangu ni fundi wa plasta mjini Mbale, na hapigi rangi ukuta wa zamani kabla hajaubishia hodi. Hupita nao kwa kifundo cha kidole, ngo, ngo, ngo, mpaka ghafla: pu. Hapo huchomoa chaki nyuma ya sikio akachora duara. "Hapa pameachia," husema. Wewe ukitazama huoni kitu. Plasta imenyooka kabisa, lakini ndani inalia debe tupu.

Nilimkumbuka mjomba nilipokuwa Nyero, wilayani Kumi, mashariki mwa Uganda, chini ya mwamba wenye michoro ya kale ya miduara myekundu, duara ndani ya duara. Wageni wote tulizungumzia rangi tu: nani alichora, mbona imefifia. Pembeni niliona pengo la ukubwa wa sahani, jeupe, mahali ambapo ganda la jiwe limebanduka.

Hilo ganda ndilo linalonitia hofu kuliko kufifia. Jua huuchoma mwamba, mvua huupoza, na tabaka la juu huachana na la ndani polepole. Siku likidondoka, linadondoka na mchoro wake, na hakuna wa kuurudisha.

Kule Ulaya mafundi wa michoro ya makanisani nao hugonga kwa vidole kama mjomba. Siku hizi wengine huelekeza spika ukutani, kisha mwale wa leza husoma ni wapi panatetemeka kupita kwingine. Mimi kwa Nyero sitaki mtu agonge, maana ganda lililolegea laweza kuondoka na kidole. Ningeanza na kamera ya joto, ile ile ambayo mafundi umeme hutafutia nyaya zinazochemka. Palipo na hewa nyuma yake, joto halipenyi upesi kwenda ndani, kwa hiyo asubuhi jiwe linapoanza kupata moto sehemu hiyo huwahi kuwaka kwenye kioo. Jioni huwahi kupoa.

Na tafadhali, asije mtu na saruji kuziba nyufa! Saruji hufungia maji na chumvi ndani, na jiwe la jirani ndilo hulipia.

Nilimwonyesha mjomba picha kwenye simu. Miduara hakuiulizia. Aliikuza picha pale penye pengo, akaniuliza lilianguka lini. Sikuwa nimemwuliza mlinzi.