Ndeke mupya peke yake haitoshe

Bandugu, hii habari inasema kampani zetu za ndeke hapa Kongo zinunue tu ndeke mupya na retari za safari zitaisha, mi naona si vile, maana ndeke haina kitu kama wenye kuitengeneza hawako nyuma yake. Airbus kule Toulouse na Boeing kule Marekani wako na mainjinia wanajibu usiku na mchana, mekanisiye wa hapa Luano, uwanja wa ndeke wa Lubumbashi, akikuta ufa kwenye bawa anatuma picha na vipimo, wao wanapiga hesabu wanamwambia rekebisha hivi ao isiruke kabisa. Na wakigundua shida kwenye aina fulani ya ndeke wanaandikia kampani zote zenye nayo. Sasa kampani isipolipia piesi na formasio ya mafundi, hiyo mupya itatusaidia nini, watoto wetu ndio wanaipanda kwenda Kinshasa!